Mwenyeji na Mpangaji: Habari za Vyumba vya Kupangisha katika Miji ya Pwani

Wazee wengi husema ya kwamba zamani mgeni alikaribishwa bure katika miji ya pwani, na ya kuwa kupangisha chumba kwa fedha ni desturi iliyokuja na Wazungu, pamoja na reli na kazi za mshahara. Maneno haya yapendeza masikioni, nayo yana kweli ndani yake. Walakini tukiyapima kwa habari zilizoandikwa, na kwa nyumba zenyewe ambazo nyingine zasimama hata leo, twaona hayasimami yote. Kumpokea mgeni pwani kulikuwa na faida ya mali tangu zamani sana. Kilichogeuka si nia ya mwenyeji, bali ni mtu gani awezaye kuwa mwenyeji.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi, aliyepita pwani hii mwaka wa 1331. Asimulia ya kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikitokea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanya biashara mmoja sahani ile na kusema kuwa huyu ni mgeni wake. Basi mfanya biashara yule hashuki ila kwa mwenyeji wake huyo, isipokuwa awe amezoea kufika mjini na kujuana na watu. Hapo hukaa apendapo. Mwenyeji humwuzia mgeni bidhaa zake, na kumnunulia azitakazo. Tena mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanya biashara, bali mtu wa elimu, na kwa hiyo alipelekwa kwa kadhi.

Hebu msomaji atazame sahani ile. Ni ukarimu, hapana shaka, maana mtu aliyetoka baharini ana njaa. Lakini ni hati ya mkataba pia. Mwenyeji hakudai kodi ya chumba, kwa sababu faida yake ilikuwa katika bidhaa zilizopita mikononi mwake. Naye mgeni alipata kitanda, mkalimani, mdhamini na mlinzi kwa mtu mmoja. Mogadishu si Mombasa wala Kilwa, nasi hatutaki kuupa kila mji desturi ya mji mmoja. Ila biashara ya pepo za msimu ilikuwa moja pwani nzima. Chombo kilichokuja na kaskazi kilingoja kusi ndipo kirudi, na mtu anayekaa miezi mitatu au minne ugenini hawezi kulala chomboni siku zote.

Ushahidi wa pili ni wa nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi katika zile kongwe ni za karne ya 18, mtu hutoka njiani akaingia dakani, penye viti vya mawe pande mbili. Kisha hupita akafika kiwandani, yaani uwanja wa ndani usio na paa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kimoja: misana, kisha ndani, na mwisho kabisa nyumba ya kati. Kadiri mtu anavyoendelea ndivyo anavyozidi kuingia katika siri ya wenyewe, na hawezi kufika chumba cha nyuma asipite cha mbele. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kugawanywa kwa wageni. Ndiyo maana palikuwa na chumba cha pembeni kilichoitwa sabule, ambacho mgeni alikaa humo bila kuyapita makao ya wanawake. Chumba hicho kimoja ndicho kilichokuwa cha mgeni, na aliyekuwa nacho ni mtu mwenye nyumba ya mawe, yaani mkubwa wa mji. Mnyonge hakuwa na sabule, kwa hiyo hakuweza kupata mgeni mwenye mali, na kwa hiyo aliendelea kuwa mnyonge.

Nyumba ya pili, ambayo watu wengi leo huiita nyumba ya Kiswahili, ni ya namna nyingine kabisa. Kuta zake ni za miti na udongo, na siku hizi za matofali ya saruji. Paa ni la makuti, au bati. Mbele pana baraza. Mlango mmoja huingia ukumbini, na ukumbi hukata nyumba katikati mpaka uani. Vyumba vimepangwa kulia na kushoto, mara nyingi vitatu vitatu, na kila kimoja kina mlango wake unaotokea ukumbini. Nyuma ni ua, penye jiko na choo. Hapo ndipo ulipo mgeuko wote. Mlango ukitokea ukumbini, chumba chaweza kufungwa kwa kufuli yake, na mtu akakaa humo miaka kumi asipite hata mara moja katika chumba cha mwenye nyumba. Mtu mwenye vyumba sita aweza kulala katika kimoja akapangisha vitano. Na akipata shida aweza kukitoa hata kile chake akalala ukumbini. Hatusemi ya kuwa nyumba hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wapangaji, maana yatosha jamaa kubwa pia. Twasema ya kwamba wapangaji walipokuja, waliikuta tayari.

Nao walikuja wengi. Reli ya kutoka Mombasa ilianzwa mwaka wa 1896 ikafika ziwani mwaka wa 1901. Ile ya Dar es Salaam ilianzwa mwaka wa 1905 ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Hawa hawakuwa wafanya biashara wenye pembe na nguo za kuuza, bali wapagazi, makuli wa bandarini, maseremala, maaskari na waandishi, watu wasio na kitu ila mshahara wa mwezi. Mwenyeji angefaidi nini kwa mgeni kama huyo, asiye na bidhaa? Angefaidi fedha kidogo kila mwezi, basi. Naye mwenyeji mwenyewe alikuwa akitafuta fedha, kwa sababu serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1898, na Waingereza walifanya vivyo hivyo upande wa Kenya mwaka wa 1901. Hapa lugha yenyewe yatupa jambo la kufikiri. Neno kodi hutajwa kwa fedha anayotoa mwenye nyumba kuipa serikali, na kodi hiyo hiyo ni fedha anayotoa mpangaji kumpa mwenye nyumba. Ilipoingia kwa mlango wa mbele mwisho wa mwezi, haikukawia kutoka kwa mlango ule ule mwisho wa mwaka.

Na tukiwa katika maneno, tutazame kupanga. Maana yake ya kwanza ni kuweka vitu kwa safu au kwa taratibu. Akaaye kwa kodi hupanga, na mwenye nyumba hupangisha. Mtu hukodi gari, baiskeli au mashua, na nyumba pia husemwa hivyo, walakini mtu anayelala chumbani na kupika uani, akiulizwa akaa wapi, husema, “Nimepanga kwa Mama Fulani.” Hasemi nimepanga chumba cha tatu kushoto. Amtaja mtu. Desturi ya mwenyeji haijafutika katika neno hilo “kwa”.

Tumesema Mama Fulani, wala si kwa kubahatisha. Kwa sheria ya Kiislamu binti na mjane wana sehemu zao katika urithi, na mali ya mke ni yake mwenyewe, haichanganyiki na ya mume. Kwa hiyo nyumba za wanawake hazikuwa ajabu katika miji ya pwani. Nyumba ya udongo haikuhitaji mali nyingi kama ya mawe, na mwanamke aliyeachwa, au mjane asiye na mtoto wa kiume, aliweza kula kwa vyumba vyake bila kumwomba shemeji. Desturi hii ilipanda mpaka bara. Nairobi, katika mtaa wa Pangani na baadaye Pumwani, uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliotoka pande mbalimbali za Kenya na kwingineko, na wengi wao walisilimu. Fedha za kujengea walizipata kwa kuuza chakula na pombe, na wengine kwa kuuza miili yao. Mwanahistoria Luise White ameyaandika haya kwa urefu katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1990. Wako wanaoona haya kuyataja. Sisi twaona ya kuwa mwanamke aliyekuja mjini mikono mitupu akafa mwenye nyumba ya vyumba sita alitenda jambo ambalo serikali ya wakati ule haikumkusudia, kwa kuwa ilimtaka mwafrika awe mjini kwa muda wa kazi yake tu, kisha arudi kwao. Mtaa wa Pangani ulivunjwa. Kufikia mwaka wa 1939 ulikwisha. Watu walihamishiwa Shauri Moyo, na wapangaji wakatafuta wenyeji wengine. Kwa mpangaji ilikuwa ni kubeba kitanda na sanduku. Kwa mwenye nyumba aliyezeeka ilikuwa ni kuvunjiwa kazi ya maisha.

Unguja mambo yalikuwa na fundo jingine. Wakazi wa Ng'ambo walijenga nyumba zao wenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya wengine, nao walidaiwa kodi ya kiwanja. Basi aliyepangisha vyumba alikuwa yeye mwenyewe ni mpangaji wa udongo ulio chini ya kuta zake. Mwaka wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ile, na wanawake walikuwa mbele katika shauri hilo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana sheria zake hazikuandikwa ila zafahamika. Mpangaji mpya huletwa na mtu anayejulikana. Hata mgeni kabisa hutafuta kwanza mtu wa kwao wa kumfikia, naye ndiye anayempeleka kwa mwenye nyumba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa mara nyingi na dalali, ambaye hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, lakini ulizo ni lile lile: huyu ni nani, ni wa wapi, ana mke? Kufagia ua na kuosha choo ni kwa zamu. Jiko la uani ni la wote, lakini kila mtu na mafiga yake. Baraza ni ya wote. Na hapo pana tofauti kubwa na nyumba ya mawe, ambayo mgeni asiyejulikana aliishia dakani. Watoto wa wapangaji humwita mwenye nyumba bibi, na yeye huwatuma dukani kama wajukuu. Wapangaji wenyewe humwita mama, hata mwenye umri mmoja naye. Jina hilo si tupu: mpangaji akiugua hapana mwingine wa kumpelekea uji, na akifiwa mkeka hutandikwa kwa mama huyo.

Ugomvi hauna budi kuwapo. Zamani ulikuwa wa maji, wa kuni, na wa watoto. Wanawake wawili waliokasirikiana hawakuhitaji kusemezana: mmoja alivaa kanga yenye maneno ya kuchoma akapita ukumbini taratibu, na mwenziwe alijua ni yeye. Taa ya mafuta haikuleta neno, kwa kuwa kila mtu alinunua mafuta yake. Umeme umeleta neno, maana mita ni moja na vyumba ni sita, na yule mwenye jokofu na yule mwenye taa moja hutakiwa kuchanga sawasawa. Twathubutu kusema ya kuwa mita hiyo imefarikisha watu wengi kuliko kodi.

Serikali zimejaribu mara nyingi kuingia kati. Tanzania ilitaifisha mwaka wa 1971 majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Sheria hiyo iliwapata wenye maghorofa, ila haikumgusa mama mwenye vyumba sita vya udongo. Sheria ya mwaka wa 1984 ya kuzuia kodi kupanda ilifutwa mwaka wa 2005. Tangu hapo kilio cha wapangaji ni kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, inayotakiwa kabla ya kuingia. Katika jambo hili twawaunga mkono wapangaji. Mshahara huja kwa mwezi, na mwenyeji anayetaka mwaka mzima kwa mkono mmoja amemfungia mlango mtu yule yule ambaye nyumba ya ukumbi ilimfungulia.

Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918, ilikuwa zamani mtaa wa nyumba hizo za ukumbi, safu baada ya safu. Nyingi zimebomolewa sasa, na mahali pake pamesimama maghorofa. Ndani ya maghorofa hayo hamna ukumbi wa kugawanya vyumba kwa wageni. Mtu hufungua mlango mmoja akaingia sebuleni, na vyumba vya wenyewe viko nyuma. Sebule ni ile sabule ya Lamu kwa jina jingine kidogo, ingawa watu wa leo huiita hivyo kwa ajili ya makochi na runinga. Kijana akifika kutoka bara kutafuta kazi, hulala humo juu ya kochi mpaka apate chumba cha kupanga, wala hatoi kodi. Ila alfajiri hutumwa maji, na jioni huulizwa kama amepata kazi.