Kontena Lililopotea Kwenye Kompyuta: Msala wa Bandari Ndani ya The Wire

Najua washkaji kibao walioiacha The Wire walipofika msimu wa 2. Msimu wa 1 ulikuwa vijana wa mtaani, simu za vibanda, unga unauzwa kona. Ghafla unaletewa wazee wenye vitambi wanapiga bia bandarini Baltimore! Hata mimi niliuruka mara ya kwanza, nikajuta baadaye. (Humu kuna spoila, lakini kitu ni cha 2003, umechelewa mwenyewe.)

Swali la msimu ule ni moja: huo unga wa kona unaingiaje mjini? Kama unategemea chumba cha siri chini ya meli, pole. Unaingia mchana kweupe, ndani ya kontena la kawaida lenye makaratasi yake. Kreni inalishusha, karani wa mizigo anajifanya hajaliona, haliingizi kwenye kompyuta, lori linalitoa. Likiulizwa, jibu ni kwamba limepotea. Na kwenye bandari kubwa, nani atashangaa kontena moja kupotea?

Kontena lenyewe lina historia yake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, wazo la tajiri wa malori Malcom McLean. Kabla ya hapo makuli walipakia gunia kwa gunia, na tani moja iligharimu kama dola 5.86. Kwa kontena ikashuka mpaka kama senti 16. Sasa jiulize zile dola zilizookolewa zilikuwa mshahara wa nani. Halafu zamani mzigo ulipita mikononi mwa watu. Leo ni boksi la chuma lenye lakiri, hakuna anayeona ndani. Yaani kilekile kilichomnyima kuli kazi ndicho kilichompa muuza unga pa kujificha.

David Simon, aliyeitunga tamthilia hii, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na hapa inaonekana. Frank Sobotka, bosi wa chama cha makuli, anakula hela ya mtu anayeitwa Mgiriki, ila hanunui gari wala nyumba. Anazipeleka kwa wapambe wa wanasiasa, ili mfereji wa meli uchimbwe zaidi, gati la nafaka lirudi na vijana wake wapate kazi. Ndani ya makontena kuna nini? Hataki kujua. Mpaka siku moja linafunguliwa na kukutwa wanawake 13 wamekufa kwa kukosa hewa. Anawaka, anafoka, na bado anaendelea kupitisha mzigo. Hapo ndipo nilipoacha kumtetea.

Cha kuchekesha, upelelezi dhidi ya Frank hauanzi na wale wanawake wala unga. Unaanza na kamanda wa polisi aliyenuna kwa sababu chama cha makuli kilimuwahi kuweka dirisha la vioo kanisani. Wivu wa dirisha! Baadaye polisi wanaanza kuichungulia kompyuta ileile ya bandari, na wanakuta makontena "yaliyopotea" yamepita kwa karani yuleyule. Kumbe hata kupotea kunaacha nyayo.

Frank anakubali kuongea na polisi, taarifa inavuja, anaokotwa majini. Mgiriki anapanda ndege na kusepa zake. Gati la nafaka linaishia kwa wajenzi wa apatimenti.

Nilidhani hicho kipande cha mwisho wamekitia chumvi. Lakini pale Locust Point, Baltimore ya kweli, kulikuwa na ghala refu la nafaka lililojengwa 1923. Mwaka 2009, miaka 6 baada ya msimu ule kurushwa, likawa apatimenti za kifahari. Wanaziita Silo Point.