Southall Black Sisters

Southall Black Sisters ni chama cha wanawake kilichoanzishwa Novemba 1979 huko Southall, magharibi mwa London. Jina lake lisimchanganye msomaji: "Black" hapa lilikuwa neno la kisiasa, likiwakusanya Waasia, Wakaribi na Waafrika waliobaguliwa kwa pamoja. Familia nyingi za Southall zina asili ya Punjab, na baadhi zilipitia Kenya au Uganda, ambako Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972.

Miezi saba kabla ya chama kuundwa, mwalimu Blair Peach aliuawa Southall katika maandamano ya kuwapinga wabaguzi wa National Front. Wanawake nao walikuwemo katika mapambano hayo. Lakini kila walipotaja vipigo vya majumbani, waliambiwa wanawapa wabaguzi la kusema. Waswahili husema mficha uchi hazai, na akina mama hawa waliamua kutoficha.

Kesi iliyokipa chama umaarufu ni ya Kiranjit Ahluwalia. Alivumilia kipigo kwa miaka kumi. Usiku mmoja wa 1989 akammwagia mumewe petroli kitandani na kumchoma. Mume akafa, mke akafungwa maisha. Chama kilimpigania hadi akatoka gerezani mwaka 1992.

Mwaka huohuo wa 1989, baada ya fatwa ya Khomeini, kiongozi wa Iran, dhidi ya mwandishi Salman Rushdie, wanachama walishiriki kuunda Women Against Fundamentalism. Mwezi Mei kikundi chao kidogo kilisimama na mabango mbele ya Bunge: huku waandamanaji waliotaka kitabu cha Rushdie kipigwe marufuku, kule vijana wa National Front. Kilitukanwa na pande zote mbili.

Mabomu ya Julai 2005 yaliua watu 52 London, na serikali, kwa hofu ya ugaidi, ikazidi kuwategemea "viongozi wa jamii", wengi wao wanaume wa dini. Lugha ya siku ikawa mshikamano wa jamii. Kwa lugha hiyohiyo Manispaa ya Ealing, inayosimamia Southall, ilitaka kukinyima chama ruzuku, ikidai huduma ya wanawake wa asili fulani tu inagawa watu. Hoja dhaifu: mke asiyejua Kiingereza, ambaye viza yake inamtegemea mume anayempiga, hasaidiwi na dawati la watu wote. Shauri lilifika Mahakama Kuu, na Julai 2008, kesi ikiwa ingali inasikilizwa, manispaa iliufuta uamuzi wake.