Kiazi Kilichogandishwa na Siasa ya Ghala

Kila msimu wa viazi mviringo katika Nyanda za Juu Kusini, mjadala wetu huwa uleule: lumbesa, bei ya shambani na dalali. Tunajadili sana mzani. Muda tunaujadili kwa nadra. Hoja yangu ni kwamba unyonge wa mkulima wa viazi huanza kabla gunia halijashonwa, pale anapokosa uwezo wa kusubiri. Mwenye mazao yanayooza hana sauti sokoni. Ili kuipima hoja hii, naomba tuelekee kule kiazi kilikotoka.

Jina “viazi ulaya” limetuficha historia. Ulaya yenyewe ilikipokea kiazi katika karne ya 16 kutoka Amerika ya Kusini, ambako watu wa milima ya Andes walikuwa wamekilima kwa maelfu ya miaka. Katika uwanda wa juu unaolizunguka Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni na Julai huwa na sakitu kali usiku na jua kavu mchana. Waaymara na Wakechua waliigeuza hali hiyo ngumu kuwa nyenzo.

Viazi vya ziada hutandazwa chini, usiku baada ya usiku, vigande. Maji yakigeuka barafu hutanuka na kupasua chembe za kiazi. Ndiyo maana kiazi kibichi kilichogandishwa jokofuni huyeyuka kikawa tepetepe. Kwetu hiyo ni hasara. Wao waliifanya kuwa hatua ya kazi: mchana viazi vikiyeyuka, watu huvikanyaga kwa miguu, maji yakatoka na maganda yakabanduka, kisha huvianika hadi vikauke. Kinachobaki ni chuño (tamka “chunyo”), kiazi chepesi na kigumu kama kokoto, kinachoweza kukaa kwa miaka. Aina nyingine, nyeupe, hulowekwa kwanza majini kwa wiki kadhaa. Kwa njia hizi hata viazi vichungu vinavyostahimili baridi, ambavyo vina sumu vikiwa vibichi, huweza kuliwa.

Kaya yenye chuño haikulazimika kula au kugawa mavuno yote kwa pupa. Iliweza kuuvuka mwaka mbaya kwa akiba ya mwaka mwema. Ubunifu huu ulikuwapo kabla ya dola ya Wainka kuzaliwa.

Wainka walipotawala, waliielewa vyema nguvu ya akiba. Kwa utaratibu wa kazi za zamu, raia waliyalima mashamba ya dola, na mavuno, chuño ikiwamo, yakajazwa katika maghala ya mawe yaliyopangwa kwa safu vilimani. Katika mji mmoja tu wa kiutawala, Huánuco Pampa, wanaakiolojia wamehesabu maghala yapatayo 500. Akiba hiyo ililisha majeshi na vibarua wa dola. Maarifa yalikuwa ya wakulima. Ufunguo ulikuwa wa mtawala.

Kisha wakaja Wahispania. Mwaka 1545 fedha iligunduliwa Potosí, katika Bolivia ya leo. Pedro Cieza de León, askari na mwandishi wa zama hizo, alieleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1553 kwamba Wahispania wengi walitajirika kwa kupeleka tu chuño kwenye machimbo hayo na kuiuza. Katika miaka ya 1570, Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, aliugeuza utaratibu wa zamu kuwa shokoa ya migodini. Mtu aliyeng’olewa kijijini kwake kwa nguvu akawa mteja wa chakula walichobuni wazee wake, na faida ikaishia kwa mfanyabiashara.

Nasi tunayo historia yetu. Wasukuma na Wanyamwezi hukata viazi vitamu, wakavianika na kupata michembe. Wakivichemsha kwanza, hupata matobolwa. Kwa akiba hiyo familia huvuka kiangazi. Hata hivyo, katika madarasa na mipango yetu, maarifa ya namna hii huhesabiwa kuwa mila, ilhali jokofu huitwa teknolojia. Huo ni upofu tuliousomea.

Sisemi kwamba mkulima wa Njombe akanyage viazi kwenye sakitu. Anahitaji ghala lenye ubaridi na giza kwa viazi vibichi, na kiwanda cha kukata na kugandisha ziada. Lakini Andes inatufundisha kwamba ghala peke yake halimkomboi mkulima. Ghala lilelile lingeweza kumpa muda, au kumnyang’anya.

Kwa hiyo, wewe mtumishi wa umma utakayeletewa andiko la mradi wa ghala la baridi, usiishie kuuliza litabeba tani ngapi. Uliza nani atashika ufunguo, nani ataamua siku ya kuuza, na gharama za kuhifadhi zitakatwa kwa nani. Nanyi wanaharakati, pigeni vita lumbesa kwa nguvu zote, ila mkumbuke kwamba mkulima anayeweza kusubiri hata miezi mitatu ana nafasi ya kuikataa mwenyewe.