Motokaa Zisizobeba Abiria

Msomaji mwema, yamkini umepata kumwona kijana akisukuma motokaa ya waya njiani. Mwili wake ni waya uliokunjwa, magurudumu yake ni vipande vya ndara kuukuu, na usukani wake ni fimbo ndefu inayofika kiunoni mwa dereva. Yamkini wewe mwenyewe umepata kuiunda. Kama ndivyo, basi habari nitakayokusimulia inakuhusu zaidi kuliko unavyodhani. Na kabla ya kuianza sina budi kukiri kosa langu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilimkuta mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akitengeneza basi la waya chini ya dawati wakati wa masomo ya jioni. Nilimnyang'anya. Nilimwambia kwamba shule ni mahali pa vitabu, si pa michezo ya watoto wadogo, nikalitupa basi lile ghalani. Muhula ulipokwisha nilikwenda kulichukua ili nimrudishie, nikalikuta limelaliwa na gunia la mahindi, limebonyea kama kopo lililokanyagwa. Hapo ndipo nilipolitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameunganishwa kwa waya mmoja, hata ukizungusha usukani yaligeuka yote mawili kwa pamoja. Ngazi ya nyuma ya kupandishia mizigo ilikuwa na vipago saba, na vyote vilikuwa sawasawa kwa urefu. Mwanafunzi yule alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda zake. Hakuunda jingine shuleni mwetu.

Baadaye nilisoma habari za vijana wa Marekani ambao walifanya kazi kama ile ile, lakini wao hawakunyang'anywa. Walipewa zawadi, wakapelekwa vyuo vikuu, na baadhi yao wakawa wachoraji wa motokaa zilizoenda katika barabara za dunia. Habari hizo ndizo ninazotaka uzijue.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja, nalo ni kipimo. Kitu kidogo kinachofanana na motokaa si lazima kiwe mfano wa motokaa. Mfano wa kweli hufuata hesabu. Ukisema kwamba umeunda motokaa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, maana yake ni kwamba kila inchi moja ya mfano wako inasimama mahali pa futi moja ya motokaa yenyewe. Motokaa yenye urefu wa futi 18 itakuwa na urefu wa inchi 18 juu ya meza yako, na gurudumu lenye upana wa futi 2 litakuwa na upana wa inchi 2. Hesabu hii ni nyepesi kuisema, bali ni nzito kuitii. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 1 ikinaswa ndani ya rangi ya mfano huo, itaonekana kama kokoto ya milimita 12 iliyogandamana na mlango wa motokaa kubwa. Jicho la mtu haliwezi kudanganywa. Hata asiyejua kipimo ataona kwamba pana kasoro, ingawa hataweza kuitaja.

Sasa twende katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Mwaka 1908 ndugu wawili, Fred na Charles Fisher, walianzisha huko kampuni ya kutengeneza mabodi ya motokaa. Walitoka katika ukoo wa mafundi wa magari ya farasi, na ufundi ule wa mbao, chuma na ngozi ndio waliouhamishia katika motokaa. Ndugu zao wadogo waliwafuata. Mwaka 1919 kampuni kubwa ya General Motors ilinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo, na mwaka 1926 ikaitwaa yote. Alama ya Fisher ilikuwa picha ya gari la farasi la kifalme, lililochorwa kwa kufuata magari mawili ya Napoleon, mfalme wa Ufaransa: moja la kutawazwa kwake na jingine la harusi yake.

Mwaka 1930 kampuni hiyo ilianzisha chama cha vijana kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, yaani chama cha mafundi. Huo haukuwa wakati wa neema. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka mwezi wa Oktoba 1929, viwanda vilikuwa vikifukuza watu, na baba wengi walikuwa wakirudi nyumbani mikono mitupu. Katika dhiki hiyo wavulana waliotimiza umri wa miaka 12 waliitwa kushindana katika jambo moja: kuunda kwa mikono yao wenyewe mfano mdogo wa lile gari la kifalme lililokuwa alama ya kampuni. Zawadi kubwa ilikuwa ada ya masomo ya chuo kikuu yenye thamani ya dola 5,000. Ili upate kujua uzito wa fedha hizo, kumbuka kwamba wakati ule motokaa mpya ya bei nafuu iliuzwa kwa dola 500 hivi. Mtoto wa mfanyakazi asiye na kazi aliwekewa mbele yake thamani ya motokaa kumi, na njia ya kuifikia ilikuwa kisu, tupa, msasa na subira.

Usidhani kwamba kazi ilikuwa rahisi. Gari lile lilikuwa na nakshi kila upande, madirisha, milango yenye bawaba, viti vilivyovikwa kitambaa, na magurudumu ambayo kila njiti yake ilipaswa kuchongwa peke yake. Kijana alitumia miezi mingi, akifanya kazi jioni baada ya shule, juu ya meza ya jikoni au katika pembe ya ghala. Njiti moja ikivunjika, aliianza upya. Waamuzi walipima na kukagua hata sehemu ambazo mtazamaji wa kawaida asingeziona.

Kuanzia mwaka 1937 vijana walipewa pia ruhusa ya kubuni motokaa ya fikra zao wenyewe, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia motokaa zikachukua mahali pa gari la kifalme. Hapo ndipo shindano lilipobadilika kwa kweli. Zamani kijana aliiga kitu kilichokwisha kuwapo. Sasa aliambiwa aumbe kisichokuwapo bado. Alianza kwa kuchora motokaa yake kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. Kisha aliifinyanga kwa udongo, akiukwangua na kuujaza mpaka mistari ya karatasi ikawa mwili. Alikata violezo vya kadibodi na kuviegemeza juu ya udongo ili kuhakikisha kwamba ubavu wa kushoto haukumzidi wa kulia. Umbo likishapatikana, alilihamishia katika mbao kwa patasi na msasa, au alilitoa kwa plasta. Ndipo rangi ilipofuata: tabaka jembamba, kukausha, kusugua kwa msasa laini, tabaka jingine, kukausha, kusugua tena. Mwisho alikata vipande vya chuma, akavisugua kwa tupa mpaka vikang'aa, navyo vikawa mapambo ya mbele na ya nyuma.

Katika mwaka 1947 mshindi mmoja alikuwa kijana aitwaye Charles Jordan, mwanafunzi wa chuo mashuhuri cha ufundi cha Massachusetts. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na General Motors kuwa mchoraji, na kuanzia mwaka 1986 hadi 1992 alikuwa mkuu wa uchoraji wote wa motokaa wa kampuni hiyo. Naye hakuwa peke yake; wako washindi wengine wa chama kile waliokuja kuwa wachoraji na wahandisi.

Pengine utauliza: mfano wa mbao una uhusiano gani na motokaa ya chuma? Jibu ni kwamba motokaa kubwa nayo huanza ikiwa mfano. Mwaka 1927 General Motors ilimwajiri Harley Earl kutoka Los Angeles, ikampa idara ya kushughulikia sura na rangi za motokaa. Earl alikuwa na desturi ya kufinyanga motokaa kwa udongo kabla ya bamba la kwanza la chuma kukatwa, kwa maana udongo husamehe makosa na chuma hakisamehi. Desturi hiyo ilienea katika viwanda vingi, na hata katika zama hizi za kompyuta udongo haujaachwa. Basi kijana aliyekuwa akikwangua udongo juu ya meza ya mama yake hakuwa akiiga kazi ya watu wazima kwa mchezo. Alikuwa akiifanya.

Walakini, historia haisemi mema peke yake. Kampuni haikutoa fedha zake kwa ukarimu mtupu. Ilitaka jina lake lijulikane katika kila nyumba, na ilitaka kuwatambua mapema vijana wenye vipawa ili isiwapoteze. Tena, chama kile kilikuwa cha wavulana tu. Msichana angaliweza kuchonga njiti laini kuliko kaka yake, na bado jina lake lisingeandikwa. Hatuwezi kujua ni mikono mingapi mizuri iliyopotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa aliyezuiwa mlangoni hana mahali katika orodha ya washindi. Wewe dada unayesoma ukurasa huu, usikubali mtu akuambie kwamba tupa na msasa si vyako.

Wakati huo huo njia nyingine ya kuunda motokaa ndogo ilikuwa ikienea. Katika miaka ya 1950 viwanda vilianza kuuza vipande vya plastiki ndani ya visanduku, tayari kwa kuunganishwa kwa gundi. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Michigan ilitoa visanduku ambavyo kila kimoja kilikuwa na vipande vya kuunda motokaa ileile kwa namna tatu, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Wako waliosema kwamba ufundi umekufa, maana kiwanda kimekwisha fanya kazi yote. Hawakusema kweli yote. Kisanduku humpa kila mnunuzi vipande vilevile, lakini mwenye bidii hutazama injini ya plastiki akaona kwamba haina nyaya. Basi huchukua uzi mwembamba, akatoboa matundu kwa sindano, akaunganisha kila plagi kwa uzi wake. Injini ya silinda nane hupata nyuzi nane, si saba. Kisha hufunika injini kwa boneti, na pengine hapana mtu atakayeifunua. Yeye anajua kwamba ziko, na hilo lamtosha.

Chama cha mafundi cha Fisher kilifungwa mwaka 1968. Baadhi ya mifano ya vijana wale imehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya taifa la Marekani mjini Washington. Haikupata kubeba abiria hata mmoja. Lakini iliwabeba waundaji wake mbali sana.

Nami kila nisomapo habari hizi hulikumbuka basi la waya lenye ngazi ya vipago saba. Hapakuwa na waamuzi wa kulipima, wala kisanduku cha kuelekeza namna ya kuliunda. Yule kijana alikuwa ameliangalia basi la kweli kituoni, akalipima kwa jicho, akalibeba kichwani mwake mpaka shuleni, na akalijenga kwa waya wa ua. Kwa haki alikuwa na taabu zaidi kuliko wale wa Detroit, na mwamuzi wa pekee aliyempata alikuwa mimi.

Siku hizi nikimkuta mwanafunzi akikunja waya wakati wa masomo ya jioni, bado namwambia auweke chini, kwa sababu kila kazi ina saa yake. Lakini siuchukui. Namwambia aniletee Jumamosi, na alete rula. Tunalipima gari lake pamoja, tunatafuta kipimo chake, na tunaandika hesabu zake katika daftari. Nawe, msomaji, kama unayo motokaa uliyoiunda, itoe uvunguni. Ipime. Utazame ubavu wake wa kushoto na wa kulia kama ni sawa. Ukiona kasoro, usione haya. Chukua koleo uanze tena.