Yasuhiro Yamashita

Yasuhiro Yamashita (amezaliwa 1 Juni 1957, mkoa wa Kumamoto, Japani) ni mwanajudo wa zamani wa uzito wa juu, na huenda hakuna aliyewahi kutawala mchezo huo kama yeye. Kuanzia 1977 hadi alipostaafu 1985 alicheza mapambano 203 bila kushindwa. Alitwaa ubingwa wa Japani mara tisa mfululizo na ubingwa wa dunia mara nne.

Silaha yake kuu ilikuwa osoto-gari, ngwala ya nje: humvuta mpinzani hadi uzito wote uegemee mguu mmoja, kisha huufyeka mguu huo kwa nyuma. Yamashita aliipiga kwa upande wa kushoto, jambo lililowasumbua waliozoea wapinzani wa kulia. Kilichowatisha zaidi ni kwamba aliyeponyoka kuangushwa alifuatwa chini na kubanwa mgongo juu ya mkeka, mahali ambapo wanajudo wengi wakubwa huwa wazito na wavivu.

Mwaka 1980 Japani ilisusia Olimpiki ya Moscow, naye akanyimwa nafasi akiwa katika ubora wake. Los Angeles, 1984, alichanika msuli wa shavu la mguu wa kulia katika pambano la pili, lakini akaendelea huku akichechemea. Fainalini alimbana Mohamed Rashwan wa Misri sakafuni kwa sekunde 30 na kupata dhahabu. Rashwan mwenyewe ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani.

Baadaye alifundisha timu ya taifa ya Japani.