Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Msafiri, Mji na Studio katika Historia ya Mombasa

1. Kitenzi kimoja, watendaji wawili

Mswahili akisema "jana nilipiga picha mjini", sentensi yake ina maana mbili. Huenda yeye ndiye aliyeshika kamera. Lakini huenda pia ndiye aliyekaa kitini mbele ya kamera hiyo, akatulia, kisha akalipa. "Twende tukapige picha" mara nyingi ni mwaliko wa kwenda kwa mpiga picha, wala si wa kuifanya kazi yake. Matumizi haya si uzembe wa lugha, kwani yana ndugu zake. Anayepeleka kitambaa kwa fundi husema "nimeshona nguo", na anayewalipa waashi husema "nimejenga nyumba". Katika semi hizo zote Kiswahili humtaja kuwa mtendaji yule aliyetaka kazi ifanyike, akaigharimia na kuamua iweje. Fundi hanyimwi sifa ya mkono wake, ila kitendo huhesabiwa kuwa cha mwenye haja.

Sambamba na kauli hiyo ipo kauli ya kutendwa: "kupigwa picha". Makala haya yanadai kwamba tofauti baina ya kauli hizo mbili inalingana na jambo lililotukia kweli katika historia. Kwa muda mrefu watu wengi wa Afrika ya Mashariki na Kongo walipigwa picha na wengine, kwa haja za wengine. Baadaye, na hasa walipofika mjini wakiwa wageni, walianza kupiga picha kwa haja zao wenyewe. Mji wa Mombasa, pamoja na kivuko chake cha Likoni, unatoa mfano ulio wazi wa mabadiliko hayo, na pia wa kikomo chake.

2. Waliopigwa picha

Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Haikupita hata miaka kumi kabla haujafika katika pwani ya Waswahili. Nahodha Charles Guillain wa jeshi la maji la Ufaransa, katika safari yake ya 1846 hadi 1848, alichukua kamera na kutengeneza picha za watu na miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo picha ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Kila bamba lilikuwa moja tu. Halikuwa na negativu ambayo ingeweza kutoa nakala. Picha hizo zilikwenda Ulaya pamoja na mwenye safari, na nyingine zikachorwa upya ili zichapishwe katika kitabu chake. Sura za watu zilisafiri, lakini wenye sura hawakubaki na kitu mkononi.

Mwendo huo uliendelea katika enzi ya ukoloni. Katika Kongo ya Wabelgiji, Casimir Zagourski, mpiga picha mwenye asili ya Poland aliyehamia Léopoldville mwaka 1924 na kufariki mwaka 1944, alitoa mfululizo mashuhuri wa kadi za posta uitwao "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayotoweka. Picha zake ni za ustadi mkubwa. Hata hivyo, maelezo yaliyo chini ya kadi za aina hiyo kwa kawaida hutaja kabila au cheo, wala hayataji jina la mtu. Aliyepigwa picha alisimama kwa niaba ya kundi, na mnunuzi wa kadi alikuwa mtu mwingine aliyeituma mbali.

Serikali nayo ilikuwa na njia zake za kumwandika mtu. Nchini Kenya, sheria ya kuandikisha wafanyakazi Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alilazimika kuwa na kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kipande kilikuwa na alama za vidole na taarifa za kazi. Kilimtambulisha mtu kwa mwajiri na kwa polisi, kikamwezesha kukamatwa iwapo ametoroka kazini. Mfanyakazi aliyeshuka kutoka bara hadi bandarini Mombasa alifika akiwa ameandikwa tayari, lakini kwa mkono wa mwingine.

3. Studio na mapatano yake

Jambo lililofungua njia nyingine lilikuwa biashara. Mwaka 1854 Mfaransa Disdéri alijipatia hataza ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya bamba moja na kuzibandika kwenye kadi. Bei ya picha ikashuka, na picha ya mtu ikawa kitu cha kupeana na kutumiana. Katika pwani ya Waswahili, wapiga picha wenye asili ya Goa, akina A. C. Gomes na ndugu Coutinho, walifanya kazi Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Huko huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, Narandas Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa miaka mingi watu wa mji huo, Waislamu, Wahindu na Wakristo, wenyeji na wageni, walipita mbele ya taa zake.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Nyanza mwaka 1901 ilikuwa imeufanya mji huo kuwa mlango wa nchi nzima. Kazi za bandari, reli, hoteli na viwanda ziliwaita vijana wa bara. Aliyefika mjini, iwe kwa mwezi mmoja au kwa miaka, alikuwa na deni la habari kwa waliobaki nyumbani. Barua iliweza kusema "sijambo", lakini picha iliuonyesha huo usijambo wenyewe: mwili ulionona, shati lililopigwa pasi, saa mkononi.

Kwa hiyo mteja wa studio hakuja kuchunguzwa. Alikuja na shabaha. Alichagua nguo, zake au za kuazima. Alichagua pazia la nyuma, akaamua kama atasimama au ataketi, peke yake au na rafiki. Mpiga picha aliongoza kwa upande wake: aligeuza bega, aliinua kidevu, aliweka taa. Picha iliyotoka ilikuwa matokeo ya mapatano baina ya watu wawili, na malipo ndiyo yaliyompa mteja neno la mwisho. Asipopendezwa, alikuwa na haki ya kulalamika. Haki hiyo ndogo haikuwahi kuwa mikononi mwa mtu wa kadi ya posta.

4. Vibanda vya Likoni

Studio za katikati ya mji zilikuwa na gharama yake. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilistawi namna nyingine, karibu zaidi na mtu wa kawaida. Kisiwa cha Mombasa kimetenganishwa na bara la kusini na mkono wa bahari, na wakati huo msafiri wa Likoni na Pwani ya Kusini alivuka kwa feri. Maelfu ya watu walipita hapo kila siku, na aghalabu walingoja. Penye watu wanaongoja hapakosi biashara: palikuwa na matunda, mitumba, vyakula, na vibanda vya wapiga picha.

Mwanaanthropolojia wa Ujerumani Heike Behrend amevichunguza vibanda hivyo kwa makini. Wapiga picha wengi walikuwa wenyewe ni wabara, na wateja wao wengi vilevile: vibarua, wafanyakazi wa nyumbani, watu waliokuja kutafuta riziki au kuiona bahari. Kibanda kilikuwa wazi upande wa mbele, hivyo mwanga wa jua ulifanya kazi ya taa. Ndani yake mlipambwa kwa vitambaa, karatasi za kumetameta na maua ya plastiki, na nyuma ya mteja palikuwa na mandhari yaliyochorwa kwa rangi kali: meli kubwa, ndege, majengo marefu, fukwe na minazi. Mteja alisimama mahali pake, akapigwa picha ya rangi, filamu ikapelekwa kusafishwa, naye akarudi baadaye kuchukua nakala yake.

Ni rahisi kuzicheka picha hizo. Meli iliyo nyuma ya kijana haikumchukua popote, na ndege ile haikuwahi kuruka. Lakini anayezihukumu kwa kipimo cha ukweli wa mahali anakosea kipimo. Bahari ya kweli na feri ya kweli zilikuwa hatua chache tu kutoka kibandani. Lau mteja angetaka ushahidi wa mahali, angegeuka tu. Alichotaka ni kauli: kwamba mtu aliyetoka kijijini mbali na bahari sasa yumo katika njia za dunia, penye meli na ndege, na kwamba mji umempokea. Mandhari yalisema yale ambayo mshahara wake haukuweza kuyasema. Yaliyobaki, yaani jina, tarehe na salamu, yaliweza kuandikwa kwa kalamu mgongoni mwa picha kabla ya kutiwa katika bahasha.

5. Kauli na kikomo chake

Je, mji ulikuwa umempokea kweli? Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi na kupora silaha. Katika siku na wiki zilizofuata wabara walilengwa majumbani na penye biashara zao, na vipeperushi viliwaamuru warudi makwao. Watu wengi waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Mahali pale pale ambapo wageni walikuwa wakilipa ili waonekane kuwa watu wa Mombasa, waliambiwa kwamba si watu wa Mombasa.

Msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi hahitaji kuelezwa sana. Miji ya Katanga nayo ilijengwa na watu waliotoka mbali. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko, na Kiswahili cha Katanga kikakua katika makambi na mitaa yao. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa papo hapo, walifukuzwa kwa makundi makubwa, wakangoja treni vituoni kwa wiki na miezi katika hali ya dhiki. Mtu anayeondoka hivyo hachukui kabati wala kitanda. Picha huingia katika mfuko mdogo, na ndiyo maana kwa familia nyingi za aina hiyo picha ya studio huweza kuwa ndiyo hati pekee inayoonyesha kwamba waliishi mahali fulani, wakiwa wamevaa vizuri na bila hofu.

Hapa ndipo thamani ya picha hizo inapodhihirika, na kikomo chake vilevile. Kupiga picha hakukumpa mgeni haki ya ardhi wala kura wala ulinzi. Kulimpa ushahidi alioutunga mwenyewe. Ushahidi huo haukuzuia lolote mwaka 1992 wala mwaka 1997, ila uliwafanya wanaofukuzwa wasibaki kuwa idadi tupu katika ripoti za watu wengine.

6. Miji mingine

Mombasa haiko peke yake. Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 si mbali na kituo cha reli ya Dakar–Niger, na wasafiri walikuwa miongoni mwa wateja wake; aliwawekea nguo, saa na redio za kupigia picha. Kinshasa, Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki mwaka 1997, alipiga picha za vijana wa mji na za mwanamuziki Franco katika miaka ambayo Léopoldville ilikuwa ikigeuka kuwa mji wa Wakongo. Mapazia, lugha na mitindo vilitofautiana, lakini mteja ni yule yule: mtu aliyeingia mjini na kutaka kusema mwenyewe jinsi anavyotaka kuonekana.

7. Hitimisho

Simu zenye kamera zimeongeza kauli ya tatu katika kitenzi hiki: "kujipiga picha". Mteja na fundi wamekuwa mtu mmoja, na mapatano ya studio yamepungua. Wakati huo huo picha za zamani zinaharibika kwa unyevu na mchwa, na negativu hutupwa studio zinapofungwa.

Kwa taasisi za Kiswahili kazi iliyopo haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi anaweza kuanza na masanduku ya jamaa zake: kunakili picha pande zote mbili, kwa maana maneno yaliyo mgongoni ni matini ya Kiswahili yenye tarehe, mahali na tahajia ya wakati wake, kisha kuwauliza wazee nani alisimama wapi, nguo ilikuwa ya nani, na picha ilitumwa kwa nani. Majibu hayo hayamo katika nyaraka za serikali wala za makampuni, kwa sababu nyaraka hizo ziliandikwa na waliowapiga watu picha. Historia ya waliopiga picha wenyewe imo nyumbani, na wanaoweza kuisoma kwa sauti wanazidi kupungua.