John Thorburn Williamson

John Thorburn Williamson (10 Februari 1907 – 8 Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, akauongoza hadi kufa kwake.

Maisha ya awali

Alizaliwa Montfort, Quebec, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Alifanya utafiti wa madini Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kisha akahamia Tanganyika, kwenye machimbo ya Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Ugunduzi

Almasi hupanda kutoka vilindi vya ardhi ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Mwamba huo ukimomonyoka huacha udongoni punje nyeusi, nzito, za ilmenaiti. Mtafuta almasi huchukua mchanga, huuchekecha majini na kuzifuata punje hizo kule zinakozidi. Kwa subira ya namna hiyo Williamson aliufikia mwamba wa Mwadui Machi 1940. Una ukubwa wa hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa zaidi iliyowahi kuchimbwa duniani.

Uongozi

Mwaka 1942 aliunda kampuni ya Williamson Diamonds Limited, akishirikiana na wakili Iqbal Chand Chopra wa Mwanza. Wakati huo kampuni ya De Beers ndiyo iliyoshika soko la almasi. Williamson hakukubali kuiuzia mgodi; alivutana nayo juu ya bei, hata akazizuia almasi zake ghalani. Hapo Mwadui, katika mbuga za Usukuma, ukaota mji wenye nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na uwanja wa ndege.

Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza liwe zawadi ya harusi. Lilipokatwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Baada yake

Mwaka 1958 warithi wake waliuza kampuni kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Hivyo uhuru wa 1961 uliikuta nchi tayari ina hisa katika utajiri wa ardhi yake yenyewe, na huo ndio urithi wa Mwadui unaostahili kukumbukwa kuliko vito vyote.